Chumba cha kushonea Mji Mkongwe: anza na dirisha
Waalaykum salaam dada. Umeuliza cherehani uiweke wapi na vitambaa uvihifadhi vipi, kwa kuwa chumba ni kidogo na nyumba yenyewe ya zamani.

Cherehani isogeze dirishani, mwanga uingie kushotoni kwako. Ukishona buibui jeusi kwa uzi mweusi utajua faida yake. Meza ya kukatia iwe ya kusimamia, usawa wa kiuno, mgongo usiumie.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vitambaa. Kuta za mawe na chokaa zinavuta maji, na masika, Machi hadi Mei, zinatoa jasho kabisa. Kabati lisigusane na ukuta, acha upenyo wa kiganja hewa ipite, na majora usiyalaze sakafuni. Doa la ukungu kwenye kitambaa cheupe cha kanzu halitoki kirahisi, na ni mali ya mteja ile!

Hewa ya chumvi nayo inatia kutu. Sindano na bobini zitie kwenye kopo lenye kifuniko. Cherehani itie mafuta, kisha shona kitambaa kibovu mpaka mshono utoke safi, ndipo ushike kazi ya mtu.

Pasi iwe jirani, utaihitaji kila mshono.