NCLEX kwa nesi aliyesomea nyumbani: jibu kwa wodi yao

Mdogo wangu, umeuliza mambo matatu: usome miezi mingapi, ununue kitabu gani, na kama uache kazi ili ujiandae. Umesema una diploma ya uuguzi na ukunga, uko wodi ya wanaume hospitali ya mkoa, karatasi zako zimepita na ATT, yaani kibali cha kufanya NCLEX-RN (mtihani wa leseni ya nesi Marekani), imeshatoka. Nitayajibu yote matatu, ila naanza na jambo ambalo hukuliuliza, maana ndilo ninaloona likiwaangusha wauguzi wazuri kutoka kwetu.

Mimi nimesomea Tanzania, nimeshika wodi nyumbani kabla ya kuvuka, na sasa nafanya kazi Marekani. Tangu nipate leseni napitia maswali na wenzetu wanaojiandaa, Watanzania na Wakenya. Wengi ni manesi ambao ningewakabidhi mama yangu mgonjwa nikalala usingizi. Magonjwa wanayajua, dawa wanazijua. Kinachowaangusha ni kwamba wanajibu kwa wodi waliyoizoea, wakati mtihani unauliza wodi nyingine kabisa.

Chukua kugawa kazi. Kwetu, zamu ya usiku, nesi mmoja anaweza kubaki na wodi nzima, na kumwogesha mgonjwa, kumlisha na kumgeuza ni kazi ya ndugu. Swali likiuliza "kazi ipi umpe msaidizi?" unakosa pa kushika, kwa sababu hujawahi kuwa na msaidizi wa namna hiyo. Kwao kuna RN (nesi aliyesajiliwa, ndiye wewe kwenye mtihani), chini yake LPN (nesi wa ngazi ya chini), halafu msaidizi wa uuguzi. Msaidizi anaogesha, analisha mgonjwa asiye na hatari ya kupaliwa, anapima presha na joto la mgonjwa aliyetulia, anaandika maji yaliyoingia na mkojo uliotoka. LPN anahudumia mgonjwa ambaye hali yake inatabirika, na dawa nyingi anatoa. Kumchunguza mgonjwa anapolazwa, kumfundisha kabla ya kuruhusiwa, kuamua kama matibabu yamefanya kazi, na mgonjwa yeyote ambaye hali yake inageuka, hayo ni ya RN na hayagawiki. Maswali haya yamo kwenye sehemu ya usimamizi wa huduma, ambayo ni asilimia 15 hadi 21 ya mtihani, kubwa kuliko sehemu nyingine yoyote. Dawa zinafuata kwa asilimia 13 hadi 19. Halafu unakuta mtu amemaliza mwezi mzima kwenye mzunguko wa damu wa moyo, na kugawa kazi kaiachia wiki ya mwisho! Hapana. Anza nayo.

Ndugu yake wa karibu ni swali la "nani umwone kwanza?" Unapewa wagonjwa wanne. Mmoja ana nimonia na joto la 101 za Fahrenheit. Mwingine ana COPD (ugonjwa sugu wa mapafu) ya miaka mingi, oksijeni asilimia 90. Wa tatu ana kisukari, sukari imepanda, anasubiri insulini. Wa nne aliondolewa goita jana, anasema midomo inamfa ganzi. Nesi wa kwetu macho yanakwenda kwenye homa au kwenye ile 90. Lakini mwenye nimonia kuwa na homa kunatarajiwa, na 90 kwa COPD kunatarajiwa. Ganzi ya midomo baada ya goita haitarajiwi: huenda tezi ndogo zinazosimamia kalsiamu zimeguswa, kalsiamu inashuka, na koo linaweza kukaza mpaka njia ya hewa ikaziba. Huyo ndiye wa kwanza. Kila swali la namna hii, jiulize lipi kati ya haya ugonjwa wenyewe haulielezi.

Mazungumzo na mgonjwa yanatuumiza zaidi, kwa sababu pale tunaadhibiwa kwa utu wetu. Mgonjwa anasema, "Naogopa nitakufa kwenye upasuaji." Sisi tumelelewa kusema pole, usijali, Mungu yupo, daktari huyu ni mzoefu. Kwenye NCLEX jibu hilo ni kosa, wanaliita faraja ya uongo, kwa kuwa linamfunga mgonjwa mdomo. "Kwa nini unaogopa?" nalo ni kosa, linasikika kama kumhoji. Jibu wanalolitaka ni lile linalomwachia mgonjwa nafasi aendelee: "Niambie zaidi kinachokutia hofu." Sikuambii uache kusema pole kazini. Mimi bado nasema, na wagonjwa wangu wanaipenda. Nakuambia tu uelewe mtihani unapima nini.

Familia vilevile. Kwetu mtoto mkubwa anaitwa pembeni, anaambiwa majibu ya baba, na ukoo unaamua aambiwe lini. Kwao mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye taarifa zake na ndiye mwenye uamuzi, hata uamuzi wa kukataa matibabu. Watoto wakikuomba umfiche, huwezi kumfanyia njama mgonjwa wako. Fomu ya upasuaji, daktari anaeleza, nesi anashuhudia sahihi. Mgonjwa akionyesha hajaelewa, unamrudisha daktari aje aeleze, huelezi wewe. Mgonjwa asiyejua Kiingereza hatafsiriwi na binti yake, anaitiwa mkalimani wa hospitali. Na ukishuku mtoto anapigwa nyumbani, nesi anaripoti mwenyewe kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto. Hamwiti baba kikaoni.

Kuna hili la kumwita daktari. Wapo wanaochagua "mjulishe daktari" kila wakiliona, na wapo wanaolikwepa kila mara kwa sababu waliambiwa si jibu kamwe. Wote wanakosa. Soma swali: je, umeshapewa taarifa za kutosha? Kama hujapewa, mchunguze kwanza. Kama umepewa na kuna kitu mkono wako unaweza kufanya sasa hivi kumwokoa, fanya. Mgonjwa anaongezewa damu, anaanza kutetemeka na mgongo unamuuma: unasimamisha damu kwanza, unaweka mrija mpya na saline (maji ya chumvi), ndipo unapiga simu. Kidonda cha tumbo kimefumuka na utumbo umetoka: unaufunika kwa gozi isiyo na vijidudu iliyoloweshwa saline na unabaki na mgonjwa, simu apige mwingine.

Upande wa maambukizi, yale ya madirisha wazi kwa mgonjwa wa TB yaache kwenye wodi yetu, ambako yana maana yake. Kwenye mtihani ni chumba chenye mkandamizo hasi wa hewa na barakoa ya N95, sawa na surua na tetekuwanga. Mgonjwa wa C. difficile, bakteria wa kuharisha, ni kunawa kwa maji na sabuni, kwa sababu spora zake haziuawi na spiriti ya mikono. Na homa ya siku ya tatu baada ya upasuaji usiiwazie malaria. Fikiria kidonda, mapafu, mkojo, mshipa wa mguu.

Majina na vipimo utayazoea haraka ukianza mapema. Paracetamol kwao ni acetaminophen, adrenaline ni epinephrine, salbutamol ni albuterol, pethidine ni meperidine, glibenclamide ni glyburide. Uzito unaweza kuja kwa pauni, gawanya kwa 2.2 upate kilo. Nyuzi 100.4 za Fahrenheit ni 38 zetu. Sukari wanaipima kwa mg/dL, kwa hiyo ile 3.9 ya kwetu ni 70 kwao; zidisha kwa 18.

Sasa kitabu. Kabla ya jina la kitabu angalia mwaka wake. Mtihani ulibadilika tarehe 1 Aprili 2023. Siku hizi kuna visa vya wagonjwa vyenye maswali sita sita, vinavyokupeleka kutoka kutambua dalili, kuzichambua, kuamua tatizo lipi lina uzito, kupanga, kutenda, mpaka kutathmini matokeo. Kila mtu anakutana na visa vitatu vinavyohesabiwa. "Chagua yote yanayofaa" zamani ukikosa moja umekosa yote. Sasa unapata alama kwa kila ulichopatia na kukatwa kwa ulichokosea, bila kushuka chini ya sifuri. Kwa hiyo usibahatishe kwa kutiki kila kitu. Pima kila chaguo peke yake, kweli au si kweli, kana kwamba mengine hayapo. Kitabu cha kabla ya hapo ambacho dada fulani amekurithisha kitakusaidia kwenye magonjwa, lakini mazoezi yako ya maswali yatoke kwenye benki ya maswali ya mfumo mpya. Kitabu kimoja cha rejea, benki moja ya maswali, basi. Wenye rafu ya vitabu saba nimewaona wakisoma sura ya kwanza ya kila kimoja.

Na hao wanaouza "maswali yaliyotoka" Telegram, wapite mbali. Sisi tumekua na mitihani ya nyuma, tunadhani kila mtihani una mzunguko wake. Huu kompyuta inakuchagulia swali linalofuata kulingana na ulivyojibu lililopita, na huruhusiwi kuruka wala kurudi nyuma. Maswali hayapungui 85 wala hayazidi 150, ndani ya saa tano. Kukatika kwenye 85 hakumaanishi umefaulu, na kufika 150 hakumaanishi umefeli. Kompyuta inasimama ikishakuwa na uhakika, upande wowote ule. Kwa hiyo ukivuka 85, usivunjike moyo ukaanza kubofya ovyo: wanaendelea kukuuliza kwa sababu bado una nafasi.

Kuhusu miezi: kwa mtu anayefanya kazi, mitatu hadi minne ya kusoma kila siku inatosha, na mwaka mzima ni mrefu mno kwa sababu mambo ya mwanzo utayasahau. Kinachohesabika ni unavyoyapitia maswali. Nunua daftari. Kila swali ulilokosa, andika sababu: sikujua, sikusoma vizuri, nilibadilisha jibu sahihi, au nilijibu kwa wodi ya kwetu. Soma maelezo ya majibu yote, hata swali ulilopatia, maana kupatia kwa sababu isiyo sahihi kutakugharimu mbele. Baada ya wiki tatu daftari litakuonyesha ugonjwa wako, na utashangaa jinsi safu ya "sikujua" ilivyo fupi.

Kazi usiache. Ada ni dola 200, ukifanyia nje ya Marekani unaongeza 150, bado nauli na malazi kama kituo kiko mbali, na ukifeli unasubiri siku 45 kabla ya kurudia. Kukosa mshahara juu ya hayo kunaleta hofu inayokula usingizi. Omba tu upunguziwe zamu za usiku mwezi wa mwisho. Weka tarehe ya mtihani mapema, kwa sababu ATT ikiisha muda ada imepotea. Na leo hii, kabla ya kufungua kitabu, toa pasipoti uilinganishe na ATT herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu, ya baba, ya babu, na wengine ya mume, ndio tunaozuiwa mlangoni. Kama kuna tofauti, waandikie Pearson VUE, kampuni inayoendesha mtihani, sasa hivi, ungali na muda.

Ukianza maswali ya kugawa kazi, yale uliyoyakosa lete hapa pamoja na sababu uliyoandika kwenye daftari. Tutayapitia.