Kwa Wanaoanza: Kuamsha An-2 Iliyolala

An-2, ndege ya Kisovieti ya propela moja yenye bawa la juu na la chini, iliruka mara ya kwanza mwaka 1947, na bado wapo wanaotaka kuipa kazi ya kuwinda droni. Wana hoja. Droni ya Shahed-136 huenda takriban kilomita 185 kwa saa, karibu sawa na An-2 ikiwa safarini. Jeti hushindwa kutambaa hivyo. Huko Korea mwaka 1953, jeti ya Marekani, F-94, ilipotea ikiifukuza Po-2, ndege ya mbao na kitambaa ya mwendo wa polepole.

Ila msijidanganye kuhusu kufukuza. An-2 ikikazana hufika kilomita 250 hivi kwa saa. Droni ikikutangulia kilomita 10, utaifikia baada ya dakika 9, nayo itakuwa imeshakwenda kilomita 28. Kwa hiyo rubani apelekwe mbele yake na watu wa rada, aisubiri. Wala msiamini kwamba kitambaa cha mabawa kinaificha An-2 kwenye rada: kiwiliwili ni chuma kitupu, na propela inayozunguka inang'aa kwenye rada.

Sasa injini, maana hapo ndipo wageni wengi huharibu. Injini ya An-2, ASh-62IR, ina silinda 9 zilizopangwa duara. Ikilala siku chache, oili huchuruzika hadi silinda za chini. Oili haibanwi kama hewa, hivyo ukipiga starta pistoni huigonga na konrodi, yaani mkono unaoshika pistoni, hupinda. Ubaya ni kwamba konrodi iliyopinda inaweza kufanya kazi saa kadhaa, kisha ikatike mkiwa angani.

Kwa hiyo hakikisha magneto, yaani vifaa vya kutoa cheche za injini, zimezimwa, kisha zungusha propela kwa mikono, kwa upande wake wa kawaida. Hata hivyo ishike kama inayoweza kuwaka wakati wowote. Ina mapanga 4, na kwa gia ya 16 kwa 11 (injini mizunguko 16, propela 11), yakipita mapanga 6 kila silinda imeshapita kwenye mgandamizo. Hesabuni 12, kwa sauti. Ikigoma, simama hapohapo. Usiilazimishe, na kamwe usiirudishe nyuma: oili itasukumwa kwenye bomba la kuvuta hewa, itulie humo, halafu inyonywe tena injini ikiwaka. Fungua plagi za silinda za chini, tega beseni, acha imwagike yote, ndipo uzungushe upya.

Mabawa yana fremu ya chuma iliyovikwa kitambaa. Anza na upande wa juu wa bawa la juu, kwani jua hula huko kwanza. Bonyeza kwa kidole gumba: kizuri hurudi kama ngozi ya ngoma, kibovu hubaki na shimo au dopu yake, ile rangi ya kukaza kitambaa, hupasuka. Dopu mpya juu ya kitambaa kilichooza haisaidii kitu. Na kabla ya kuvika kitambaa kipya, mulika ndani kwa tochi, ubavu kwa ubavu wa fremu. Panya hupenda kuzaa humo, na mkojo wao hutafuna alumini. Ukiona unga mweupe kwenye ribiti, yaani pini zinazounganisha fremu, kwangua mpaka ufike kwenye chuma kizima.