Vita vikizuka ng'ambo: niliyoyaona Petite Barrière, Goma

Ndugu wa Kigoma, umesema vijana wa mtaa wenu wamekusanya magunia ya nguo, unga na pesa kiasi kwa ajili ya watu wanaokimbia vita ng'ambo ya ziwa, na hamjui muanzie wapi. Walionitangulia kukujibu wanakutafutia boti na lori. Boti haiwezi kukosekana. Mimi nakuuliza: mzigo ukishuka ng'ambo, unashikwa na nani? Kama huna jina la mtu, namba yake na mahali atakaposimama, basi bado huna safari.

Naishi mtaa wa Birere, Goma, mashariki mwa Kongo, hatua chache kutoka Petite Barrière, kizuizi kidogo cha mpaka wa kuvukia Gisenyi, mji wa Rwanda. Siyo mtu wa shirika kubwa, ni karani wa depo. Lakini Januari 2025 nilijikuta katika kundi la watu kumi na mmoja, saba tukiwa Goma na wanne Gisenyi, tukivusha vitu ambavyo hatukuwahi kufikiria tungevivusha.

Hali ilikuwa hivi. Barabara ya Rutshuru, upande wa kaskazini, ilikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu 2022. Miji midogo ya magharibi nayo ikafuata: Minova ikaanguka tarehe 21 Januari, Sake siku mbili baadaye, na Jumatatu ya tarehe 27 waasi wakaingia mjini. Uwanja wa ndege ukafungwa. Umeme ulikuwa umekatika, na kwa kuwa maji ya bomba hapa yanasukumwa na pampu kutoka ziwani, mabomba nayo yakakauka. Intaneti ikapotea. Mabomu yalifika hadi Gisenyi, yakaua watu huko huko tulikodhani ni salama. Mji wa watu zaidi ya milioni moja ukabakiwa na mlango mmoja wa mzigo mzito, nao ni mpaka wa Rwanda.

Wenzetu wanne walivuka Jumamosi kabla ya mapigano kuingia mjini. Hatukuwa na mpango wowote wa kuwa na watu pande mbili. Walikimbia tu, kila mmoja na watoto wake. Lakini hiyo ndiyo ilituokoa, maana mpaka ulipofunguliwa tena tulikuwa na watu wa kununua upande ule na watu wa kupokea upande huu, na wote wanafahamiana sauti. Nasema sauti kwa sababu siku zile mtu yeyote angeweza kukupigia na kujiita mratibu.

Sasa nikueleze aibu yetu. Kitu cha kwanza tulichotaka kilikuwa klorini ya unga, mapipa kumi na mawili. Mwenzetu aliyejaza karatasi aliandika "dawa ya kutibu maji". Afisa wa ukaguzi aliposoma dawa, akataka kibali cha dawa, kama vile tumebeba kwinini. Tukabadilisha, tukaandika jina la kemikali. Hapo afisa wa pili akauliza iko wapi karatasi ya usalama ya mtengenezaji, kwa sababu klorini ya namna hiyo ni kitu cha hatari njiani: ikilowana au ikikutana na mafuta inaweza kuwaka. Alikuwa na haki kabisa. Tulipoteza siku tano, na siku hizo tano watu walikuwa wanachota maji ziwani na kuyanywa hivyo hivyo.

Tangu siku hiyo kila mzigo wetu ulikwenda na orodha nakala sita: ni kitu gani hasa, idadi, uzito, thamani, nani ametoa, nani anapokea na namba yake, na sentensi moja ya kusema si ya kuuzwa. Nakala sita siyo ubishoo. Kila dirisha lilibaki na moja, na siku nyingine dirisha lilikuwa na mtu mpya asiyejua jana ulikubaliana nini na nani. Upande wetu wa Goma mambo yalikuwa magumu zaidi. Forodha ya DGDA na uhamiaji wa DGM ni ofisi za Leta, yaani serikali, ya Kinshasa, na Leta ilikuwa imeondoka. Muhuri wa zamani haukutosha, na muhuri mpya ungekuletea maswali siku Leta ikirudi. Tuliweka nakala za kila kitu, tukaandika tarehe na jina la aliyesaini. Tuliongea na yule tuliyemkuta kizuizini. Hatukumpigia saluti, hatukumtukana. "Shefu, hii ni ya maji, inaenda Keshero, mama fulani anaisubiri." Basi. Ukianza hotuba umechelewa.

Kwa nini maji kabla ya unga? Waulize wazee wa Goma habari za 1994. Julai ile wakimbizi wa Rwanda kama milioni moja waliingia kwetu kwa siku chache kupitia mpaka huu huu, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache. Mama anasema mwamba wa lava ulikataa kuchimbwa, hata kwa makaburi, sembuse vyoo. Mtu mwenye njaa anaweza kumwomba jirani chakula. Lakini kipindupindu jirani atakupa bila hata kuombwa.

Kama nanyi mtafanya kazi ya maji, hapa nisomeni polepole. Unatengeneza mchanganyiko wa asilimia 1, karibu gramu 15 za unga wa klorini kali (ile ya asilimia 65 hadi 70) kwa lita moja ya maji. Kijana anasimama ufukweni na bomba la sindano lisilo na sindano, kila bidoni (dumu) ya lita 20 inapopita anaitilia kipimo. Mililita ngapi? Usinakili cha watu wengine. Chukua bidoni nne za maji ya pale pale, tia mililita 2, 4, 6 na 8, subiri nusu saa, pima kila moja, kisha chagua ile iliyobakiwa na klorini kama miligramu 0.5 kwa lita. Sisi tulianza kwa kipimo tulichosoma kwenye kijitabu na kikatudanganya, kwa sababu maji ya Ziwa Kivu yana magadi mengi, kipimo chake cha magadi, pH, kiko karibu 9, na kwenye maji ya namna hiyo klorini inakuwa mvivu. Tulipandisha kipimo na tukawaambia kina mama wasubiri zaidi ya nusu saa kabla ya kunywa. Ziwa Tanganyika nalo lina magadi, kwa hiyo pimeni. Na maji yakiwa na tope, yachujeni kwa kitenge kwanza, maana klorini itamalizikia kwenye tope.

Wengine walilalamikia harufu. Mama mmoja aliniambia, "Papa, munatutilia maji ya kufulia." Hatukubishana naye, tulimwita muuguzi wa mtaa wake, akanywa kikombe kizima mbele ya foleni.

Gari. Shofere wa Kigali hakutaka kuingia Goma, na bima yake haikumruhusu, kwa hiyo mzigo ulihamishwa mpakani kwenda kwenye kamyo ya huku. Vitu vidogo havikuhitaji kamyo. Pale Petite Barrière kuna ndugu zetu walemavu wanaofanya biashara kwa baiskeli za magurudumu matatu, kila afisa anawajua, na sabuni yetu ilipita mikononi mwao haraka kuliko kitu kingine chochote. Tuliwalipa bei yao ya kawaida, siyo "mchango wa kujitolea". Kutoka mpakani mapipa yalipanda chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma. Na hatukulaza kitu depo. Siku zile depo za mashirika makubwa ya chakula na dawa ziliporwa mchana kweupe, na mimi niliyelelewa na kazi ya depo nilijifunza kuiogopa. Mzigo ulitoka mpakani ukaenda kwa mpokeaji, ukagawiwa siku hiyo hiyo.

Pesa ni habari nyingine ndefu, nitaifupisha. Benki za Goma zilifungwa na watu wakawa wanavuka kutafuta noti Gisenyi. Mkitaka kutuma dola, angalieni noti yenyewe. Huku kwetu dola iliyochanika hata kwa upana wa ukucha haipokelewi, sijui nani alituroga. Noti ndogo zinafaa kuliko ya mia. Na pesa ikifika kwa familia inayohifadhi wageni kumi sebuleni, itajua yenyewe kama inataka unga, dawa au kodi.

Simu: sisi wa karibu na mpaka tulinasa mtandao wa Rwanda, tukakubaliana nyakati mbili tu kwa siku, saa nne asubuhi na saa tisa, kila mtu asogee panapokamata. Nje ya saa hizo simu zimezimwa, betri ni mali. Ninyi ziwa lenu ni pana, laini haitafika. Mtegemee manahodha na barua iliyoandikwa kwa mkono, na mkubaliane mapema nahodha asiporudi kwa siku ngapi ndipo muanze kuwa na wasiwasi.

Kuna jambo moja sitalipitia haraka. Majina. Ili kugawa unahitaji orodha ya familia, na wakubwa wa avenyu (mitaa) na nyumba kumi wataitengeneza vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini orodha hiyo inaonyesha nani katoka kijiji gani, nani hana mume nyumbani, nani ana vijana wa kiume. Vita vikiwa na umri wa wiki moja, karatasi hiyo inaweza kuua. Sisi tuligawa kwa kadi zenye namba, majina yakabaki kwenye daftari moja nyumbani kwa mtu mmoja. Siku watu wenye bunduki walipotuomba "liste", tuliwapa ya namba na idadi. Walikasirika, wakaondoka. Na picha za foleni hatukuziweka mtandaoni, ingawa wafadhili wetu wa ughaibuni walizililia sana.

Mwisho, msijenge kila kitu upande mmoja. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, nikiwa mtoto wa miaka kumi na tatu, mamia ya maelfu tulivukia Gisenyi. Mashirika yakaanza kutuandalia kambi ndani ya Rwanda. Siku ya tatu mama alinishika mkono tukarudi, tukipita juu ya mawe ambayo bado yalichoma viatu, kwa sababu nyumba isiyo na mtu Goma haikai na mabati. Wengi walifanya hivyo hivyo, na msaada ukabaki ng'ambo. Hata 2025, mpaka ulipofunguka tu, niliona mafungu ya watu yakirudi na magodoro kichwani. Kwa hiyo kabla hamjapakia, muulizeni nahodha wa jana: boti zinarudi tupu au zinarudi na watu?

Kuhusu zile nguo. Ziuzeni hapo hapo Mwanga, sokoni, kisha mnunue sabuni, bidoni zenye mfuniko na pedi za kina mama. Magunia ya unga hesabuni vizuri, na mniandikie mna mangapi na mpokeaji wenu yuko Baraka, Kalemie au Uvira. Nitawatumia mfano wa ile orodha ya nakala sita, majina nikiwa nimeyafuta.