Uliza Afande: "Mganga anasema hata CIA wanafanya kazi yake"

SWALI: Jambo afande. Mimi ni mwanaboda hapa Busia, upande wa Uganda. Pikipiki yangu iliibiwa usiku nje ya chumba ninachopanga, na mkopo wake bado naulipa kila wiki. Mjomba akanipeleka kwa mganga anayeangalia kwenye beseni la maji. Amesema mwizi amemwona: ni mtu mwembamba, anakaa karibu na maji, na pikipiki imefunikwa turubai la buluu. Anataka laki sita ili amalizie kazi. Nilipositasita, akasema nisimdharau, maana Wamarekani wenyewe walikuwa na kikosi cha watu wanaoona mbali, wanawapeleleza Warusi huku wamekaa kitini. Rafiki yangu ametafuta kwenye intaneti, anasema ni kweli. Wewe ulikuwa mpelelezi. Nitoe hizo pesa?

JIBU: Mwanangu, pole sana. Usitoe hata mia.

Ila kuhusu Marekani mganga wako hajakudanganya. Mwaka 1972 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilianza kuwalipa wanafizikia wawili, Russell Targ na Harold Puthoff, waliokuwa kwenye taasisi ya utafiti ya SRI huko California. Kazi yao ilikuwa kupima kama mtu anaweza kuona mahali ambapo hayupo. Wakati huo Wamarekani walisikia kwamba Wasovieti nao wanafanya utafiti wa namna hiyo, na hakuna mkubwa aliyetaka kuja kuulizwa kwa nini alipuuza. Baadaye jeshi likachukua mradi, likaweka watu wachache kwenye kambi ya Fort Meade, Maryland. Jina lilibadilishwa kila baada ya muda: Grill Flame, Center Lane, Sun Streak, mwisho Star Gate. Hadi unafungwa mwaka 1995 ulikuwa umekula karibu dola milioni 20.

Hawakuwa na beseni. Mwonaji alikaa kwenye chumba kimya, na pembeni yake yuko mtu wa kumuuliza maswali. Alipewa namba za latitudo na longitudo, au bahasha iliyofungwa, basi. Akaanza kuchora na kusema yanayomjia: kitu kirefu, chuma, baridi, maji. Karatasi zikakusanywa, zikapelekwa kwa wachambuzi.

Wakati mwingine walipatia. Mmoja wao, Pat Price, aliyewahi kuwa polisi kama mimi, mwaka 1974 alipewa namba za kituo cha siri cha Wasovieti karibu na Semipalatinsk. Akachora winchi kubwa ajabu, inayotembea kwenye reli. Na kweli, picha za setilaiti zilionyesha winchi ya namna hiyo. Ukikutana na wanaoutetea mradi, hadithi hii wataanza nayo. Wasichokwambia haraka ni kwamba Price alieleza mambo mengine mengi ya kituo kile, na mengi hayakuwepo. Sasa jiweke kwenye nafasi ya mchambuzi ambaye hajaona picha ya setilaiti. Ana kurasa kadhaa mezani, winchi imo katikati ya makosa. Ataishika winchi kwa sababu gani, aache mengine?

Hapo ndipo mimi kama mpelelezi ninaposimama. Taarifa naipima kwa jambo moja: itaniongoza mguu wangu kabla sijajua jibu? Mtoa habari akiniambia "mabati mapya, nyumba ya pili baada ya msikiti, mlango wa nyuma", naenda. Akikosea, nitajua leo leo. Lakini "mtu mwembamba karibu na maji"! Busia, mwanangu? Kuna mto, kuna ziwa si mbali, kuna visima, na watu wanene ndio wa kutafuta. Turubai la buluu ukilifuata, utakamata nusu ya soko. Siku pikipiki itakapopatikana popote, mganga atapata maji ya karibu. Mtaro wa mvua nao ni maji.

Na majaribio yenyewe yalikuwa na tundu. Wanasaikolojia wawili waliokuwa New Zealand, David Marks na Richard Kammann, walipata baadhi ya kumbukumbu za vikao vya Price, yaani maneno yake yote kama yalivyoandikwa. Katika majaribio hayo mtafiti alikwenda mahali fulani, Price akabaki akieleza anachokiona; kazi ya waamuzi ilikuwa kulinganisha kila kikao na sehemu halisi iliyotembelewa siku ile. Ukiyasoma maneno hayo polepole, unakuta ndani yake zimebaki dalili, kama kutaja sehemu zilizofanywa jana yake. Basi mwamuzi mwenye orodha ya sehemu kwa mpangilio anaweza kujua kikao hiki ni cha kwanza, hiki ni cha baadaye, bila uonaji wowote. Wale wawili walipofuta dalili hizo na kuwapa waamuzi wapya, hawakuweza kulinganisha. Wakachapisha hayo kwenye jarida la Nature mwaka 1978. Targ na Puthoff hawakukubali, wakabishana miaka. Kwangu mimi ni kama gwaride la utambuzi ambalo mtuhumiwa peke yake ndiye aliyevaa pingu: hata kama ndiye mwizi, gwaride lenyewe limeharibika.

Chukua kesi nyingine, hii inanigusa zaidi. Desemba 1981 jenerali wa Marekani, James Dozier, alitekwa nyumbani kwake Verona, Italia, na Red Brigades, kundi la Kiitalia la wapiganaji wa mrengo wa kushoto. Waonaji wa jeshi waliwekwa kazini, na wengine wakajitokeza wenyewe. Maelezo yakamiminika. Mtu aliyefanya kazi ya upelelezi anajua hasara ya hapo: kila maelezo yanataka askari wa kuyafuatilia, na askari hao wanatolewa kwenye kazi ya maana. Januari 1982 polisi wa Italia walivunja mlango wa nyumba ya ghorofa mjini Padua, wakamtoa akiwa hai. Walifika pale kwa njia ya kawaida kabisa, kukamata na kuhoji watu. Baadaye wamo waliosema kwamba jina la Padua waliliona mapema. Mimi baadaye sipokei. Nipe karatasi ilivyokuwa mezani kabla mlango haujavunjwa, pamoja na zile karatasi nyingine zote zilizotaja miji mingine.

Rafiki yako wa intaneti huenda akakutajia na ya jirani zetu. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, alisimulia mwaka 1995 kwamba enzi zake ndege ilianguka Zaire, setilaiti hazikuiona, mwanamke mmoja akaingia kwenye njozi akatoa latitudo na longitudo, na ndege ikakutwa hapo. Sitamwita rais mwongo. Faili lile ningependa nilifungue mwenyewe, nione nani mwingine alikuwa anatafuta na alikuwa ameshajua nini.

Mwaka huo huo wa 1995 mradi wote ulikaguliwa kwa ombi la CIA. Wakaguzi wawili hawakuelewana. Jessica Utts, mtaalamu wa takwimu, aliona matokeo ya maabara yanazidi bahati tupu. Ray Hyman, mwanasaikolojia, akasema haijathibitishwa. Lakini ripoti ya ukaguzi ilikuwa wazi kwamba kwenye miaka yote hiyo, hakuna operesheni hata moja ya kijasusi iliyoongozwa na maelezo ya waonaji. Kwa hiyo hata ukimpa Utts ushindi wote, bado hupati pikipiki. Nyaraka nyingi za mradi sasa ziko wazi, CIA waliziweka mtandaoni mwaka 2017. Mganga wako hilo hakulitaja, na wala hakutaja kwamba wale waonaji walikuwa wanalipwa mshahara na serikali, si na mtu aliyeibiwa.

Sasa kazi. Kama hujaripoti, nenda kituoni leo na uombe namba ya SD, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, usitoke bila hiyo. Beba nakala ya logibuku. Namba ya injini na ya chesisi ziandike kwenye karatasi, uwape mwenyekiti wa steji yako, wa steji za jirani, na wenzenu wa ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, maana pikipiki ya Busia haikawii kuvuka. Mafundi wa spea pia wapitie, kwa sababu mara nyingi inafunguliwa vipande ndani ya siku chache. Waliokukopesha pesa waandikie barua yenye namba ya SD, uwaulize kama pikipiki ina bima, na kuhusu kulipa mkopo mkae mzungumze kabla riba haijapanda.

Mjomba wako msalimie. Kama anazo hizo laki sita, mwambie azilipe kwenye mkopo.