Mbona shapu inajirudia wakati nota nimeziunga?

Swali: Mwalimu, ninachapa nota za kwaya yetu kwa LilyPond, programu ya kuchapa muziki kwa kuandika amri. Sauti ya kwanza inashika fa shapu (fa iliyopandishwa nusu toni, `fis` kwa LilyPond) kutoka ba moja, yaani kipimo kimoja, hadi inayofuata. Nikiandika `fis'2( | fis)` upinde unatokea, lakini shapu inarudi kwenye nota ya pili na kompyuta inaigonga upya. Nikiandika `fis'2~ | fis'2` upinde unapotea. Juu yake kuna trili (kupishanisha haraka nota mbili jirani), nayo wimbi lake linakatikia kwenye mstari wa ba.

Jibu: Upinde umepotea kwa sababu nota zako ziko ndani ya `\relative`, ambamo kila nota hupimwa kutoka ile iliyoitangulia. Humo alama ya `'` kwenye nota ya pili inaipandisha oktava nzima, na tai (upinde wa `~`, unaounga nota mbili za sauti ileile) haiungi fa ya chini na fa ya juu. Andika `fis'2~ | fis2`. Programu ilikuonya kwamba tai haikufungwa. Soma maonyo hayo, tafadhali.

Kwa trili, amri ya kuifunga, `\stopTrillSpan`, huwekwa kwenye nota inayofuata baada ya trili kwisha. Wewe umeiweka kwenye fa ya pili, ndiyo maana wimbi limeishia mlangoni pake.

Sasa mabano, yale `( )` uliyoanza nayo. Hili nakutana nalo kila wiki, na linaniumiza. Watu wanaamini kwamba upinde ukishaonekana kwenye karatasi, kazi imekwisha. Alama ya `~` inasema hii ni sauti moja, ishikwe. Mabano yanasema hizi ni nota mbili, ziimbwe bila kukatwa. Kwa hiyo LilyPond ilitii ulichoandika: nota mpya kwenye ba mpya, na shapu yake. Kwenye solfa hakuna mwalimu anayechanganya: kushika anaweka kistari, kuteleza anapiga mstari chini ya herufi. Kwa nini tusahau hayo tukifika kwenye kompyuta?

Kisha wapo mafundi wa njia za mkato. Mmoja atakwambia ufiche shapu kwa `\once \omit Accidental`, mwingine uchore upinde kwa mkono kwenye PDF. Usiwasikilize. Siku soprano wakishindwa kufika juu, utatumia `\transpose` kushusha wimbo toni moja. Ule upinde wa mkono hautakuwamo kwenye PDF mpya, na amri ya kuficha itaendelea kuficha, hata pale ambapo alama inahitajika.

Nimewahi kuletewa wimbo wa kurasa 12 uliochapwa kwa malipo, tai zote zikiwa mabano. Kwaya ilikuwa imejifunza kwa kusikiliza MIDI ya faili hilohilo, yaani kompyuta ikizipiga nota zake. Nilipowasimamisha alto waimbe ukurasa wa kwanza, kila nota ndefu waliigonga mara mbili, wote kwa pamoja, kwa uhakika kabisa. Kurekebisha faili kulinichukua jioni moja. Alto walihitaji majuma matatu.