Barua kwa mwanangu: gramu tano zilizotoka chupani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Umeniandikia kwamba wewe na mjukuu wangu mlitia gramu 10 za bekingi soda ndani ya chupa ya siki, mzani wa jikoni ukionyesha gramu 310 kwa jumla, na povu lilipotulia ukaonyesha 305. Mtoto akataka kujua gramu 5 zimekwenda wapi, nawe ukakosa jibu, kwa kuwa shuleni ulifundishwa kwamba tungamo halipotei katika mmenyuko wa kikemia.

Halikupotea. Siki na soda zilizaa gesi ya kabonidayoksaidi, nayo ikatoka mdomoni mwa chupa. Kwa hesabu, gramu 84 za soda hutoa gramu 44 za gesi hiyo, kwa hiyo gramu 10 zenu zilikuwa na uwezo wa kutoa 5.2 hivi, kiasi kidogo kilibaki kimeyeyuka ndani ya siki. Mzani wenu ulisema kweli, ila mlipima mabaki na kuiacha gesi nje ya hesabu.

Najua utashauriwa uvishe puto mdomoni mwa chupa ili gesi isitoke, ushauri ambao mimi siupendi. Gesi yenu ingelijaza puto kwa karibu lita 2.7, na puto hilo lingesukuma kando hewa ya ujazo uleule, yenye uzito wa gramu 3 na ushei; hewa inayolizunguka ingelibeba puto kama maji yanavyobeba mtumbwi, na mzani ungepungua tena japo hakuna kilichotoka. Mtoto angechanganyikiwa zaidi.

Chukua badala yake chupa ya plastiki ya soda ya kunywa ya lita 1.5, kwa kuwa imeundwa kustahimili msukumo wa gesi. Ya kioo usiithubutu. Tia siki robo kikombe na ushei, kisha uitumbukize gramu 4 za bekingi soda, zisizidi, zikiwa zimefungwa kwenye karatasi laini, na ukaze kifuniko upesi. Chupa itakuwa ngumu mkononi, lakini mzani hautasogea. Ukifungua kifuniko utasikia gesi ikitoka kwa mlio, na hapo ndipo gramu moja au mbili zitakapoondoka mbele ya macho yenu.

Babu yako, aliyekuwa akichoma chokaa, aliujua upungufu huu mabegani. Mawe ya matumbawe aliyoyapakia kwenye tanuu yalikuwa mazito kuliko chokaa aliyoitoa, na watu walidhani moto umeyala. Jiwe safi la kilo 100 huacha kilo 56 tu za chokaa, na kilo 44 hupaa zikiwa gesi ileile ya chupa yenu, mbali na moshi wa kuni. Chokaa hiyo ikimwagiwa maji hunywa kilo 18 na kufika 74. Na ikishapakwa ukutani huivuta tena gesi ile kutoka hewani, polepole, kwa miezi na hata miaka, huku ikiyaachilia maji yake, mpaka ule uzito wa kilo 100 urejee, safari hii ukiwa umeshikamana na ukuta.

Msalimie mjukuu wangu, na uniandikie mzani ulisomaje.

Baba yako