Kikohozi Kinachotulia Siku za Mapumziko: Ushauri kwa Wafanyakazi wa Viwanda vya Mbao na Nguzo Mafinga

Mtu anayeajiriwa kwenye kiwanda cha plaiwudi au cha kuweka nguzo dawa hapa Mafinga, wilayani Mufindi, anapaswa kujizoeza jambo moja kabla ya mengine yote: kufuatilia dalili zake zinaanza lini na zinatulia lini. Nimefanya kazi katika viwanda vya aina zote mbili, kwanza kwenye mashine ya kukandamiza mbao kwa joto na baadaye kwenye uwanja wa nguzo. Huko nimewaona wenzangu wakizunguka zahanati moja baada ya nyingine, wakitibiwa mafua, nimonia, na wengine wakipimwa kifua kikuu zaidi ya mara moja, bila yeyote kuwauliza wanashika nini wawapo kazini. Siwalaumu sana waganga, kwa sababu kwa baridi hii ya Mufindi kila anayekohoa huhesabiwa kuwa amepigwa na baridi, na mgonjwa mwenyewe huwa wa kwanza kusema hivyo.

Plaiwudi hutengenezwa kwa kubandika tabaka nyembamba za mti, mara nyingi wa msindano au mkaratusi, kwa gundi ambayo katika viwanda vingi ni mchanganyiko wa urea na fomaldehaidi. Gundi hiyo inapopata joto la mashine hutoa mvuke wa fomaldehaidi, ambao huwasha macho, hukausha koo na kukereketa kifua, na kwa baadhi ya watu huleta pumu ambayo hawakuwa nayo walipoajiriwa. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka fomaldehaidi katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya sehemu ya nyuma ya pua inapokutana na koo, na vumbi la mbao nalo limo katika kundi hilohilo. Pua huizoea harufu hii baada ya muda, kwa hiyo kutoisikia si ushahidi kwamba hewa imekuwa safi. Tena kati ya Juni na Agosti zamu ya usiku hufunga milango na madirisha yote, na watu husogea karibu na mashine ili waote joto, yaani pale pale mvuke unapotokea. Kama kuna ombi moja tu mtakalompelekea msimamizi mwaka huu, liwe la feni ya kuvuta mvuke juu ya mashine, kwa kuwa ikiwepo hamtalazimika kuchagua kati ya baridi na sumu.

Sasa narudi kwenye kufuatilia dalili. Nunua daftari dogo, uandike kila kikohozi, kubanwa kifua, macho kuwasha au upele umeanza saa ngapi, na siku hiyo ulikuwa kitengo gani. Ukiona kwamba unakohoa zaidi usiku baada ya zamu, unapata nafuu ukiwa mapumzikoni au ukienda msibani Njombe kwa siku kadhaa, kisha unaanza upya mara unaporudi kiwandani, hiyo ni dalili nzito kwamba ugonjwa unatoka kazini. Ukifika hospitali usiishie kusema, "Daktari, nakohoa." Mweleze kwamba unafanya kazi penye gundi ya fomaldehaidi na vumbi la mbao, kwamba ukipumzika unapata nafuu, na umwonyeshe daftari. Nimeona namna maelezo hayo yanavyobadilisha maswali ya daktari na vipimo anavyoagiza. Jina kamili la kemikali utalipata kwenye lebo ya pipa au kwenye karatasi ya taarifa za usalama inayotoka kwa mtengenezaji, ambayo mara nyingi hubaki imefungiwa ofisini; iombe, na kama imeandikwa kwa lugha usiyoielewa, mwombe anayeielewa akutafsirie.

Kwenye nguzo hatari ni ya namna nyingine. Dawa ya kuzuia kuoza na wadudu inayotumika sana huwa na shaba, kromiamu na arseniki, ambayo ni sumu kali, na husukumwa ndani ya mti kwa shinikizo katika tangi refu la chuma. Nguzo ikitoka huwa imelowa, ina rangi ya kijani na inachuruzika, na dawa huhitaji siku kadhaa ili ishikamane na mti; hali ya hewa ikiwa ya baridi kama yetu, siku hizo huongezeka. Anayeibeba mapema, au anayevaa glavu za kitambaa ambazo hunyonya maji yale na kuyaweka kwenye ngozi kutwa nzima, ndiye atakayepata vidonda vidogo vyenye kina kwenye vifundo vya vidole, visivyouma sana lakini visivyopona. Kutokwa damu puani mara kwa mara nako kusipuuzwe, kwa kuwa kromiamu inaweza hata kutoboa ukuta unaotenganisha matundu mawili ya pua. Vaa glavu za mpira na buti, unawe kwa sabuni kabla ya kula, na usivutie sigara uwanjani.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni vipande vya nguzo kuchukuliwa kuwa kuni. Mti huo ukichomwa, arseniki hutoka na moshi na nyingine hubaki kwenye majivu, kisha majivu hayo humwagwa bustanini penye mboga. Akina mama wanaouziwa vipande hivyo kwa bei ya chini hawajaambiwa chochote, na anayepaswa kuwaambia ni sisi tunaovitoa. Ovaroli pia isifuliwe kwenye beseni moja na nguo za watoto. Ni vyema zaidi ifuliwe kiwandani.

Kuhusu imani kwamba maziwa huondoa sumu mwilini, najua nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Pakiti ya maziwa baada ya zamu ni chakula kizuri, lakini haiondoi mvuke uliokwisha kuingia mapafuni wala haitoi arseniki mwilini, na mwajiri anayegawa maziwa badala ya vifaa kinga amechagua njia ya bei nafuu. Barakoa ya kitambaa nayo hupunguza vumbi kidogo tu. Mvuke unahitaji barakoa yenye kichujio cha kaboni kilichotengenezwa kwa ajili ya fomaldehaidi, tena kinachobadilishwa kwa wakati.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri apime afya za wafanyakazi na kuwapa vifaa kinga, na wakala unaoisimamia, OSHA, una ofisi ya kanda Mbeya inayopokea malalamiko. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hufidia pia magonjwa yanayotokana na kazi, siyo ajali peke yake, na mchango wake hulipwa na mwajiri bila kukatwa kwenye mshahara wako. Hata hivyo ugonjwa wa polepole huhitaji ushahidi, na vibarua wengi hawana karatasi hata moja inayoonyesha kwamba waliwahi kuingia getini. Tunza kila hati ya malipo, omba nakala ya majibu ya kipimo cha kuanzia kazi na cha kila mwaka, na siku unapoacha kazi dai upimwe kifua na ngozi kabla hujarudisha ovaroli.